Hii Ni ya Mtu Mmoja?

Dada wa dirishani katika ofisi ya msajili aliigeuza transkripti yangu, ile karatasi ya matokeo ya masomo yote ya chuo, akatazama nyuma, akairudisha mbele. Kisha akainama kwa mwenzake wa meza ya pili na kumuuliza kwa sauti aliyodhani ni ya chini: "Hebu angalia. Hii ni ya mtu mmoja?"

Mwenzake akaipokea. Akateremsha kidole kwenye safu ya miaka, mstari kwa mstari, mpaka chini. Akaninyanyulia macho.

"Ni ya mtu mmoja," akasema. "Hongera mama. Una uvumilivu."

Nikamshukuru, nikasaini kwenye daftari lao, nikaondoka na bahasha yangu. Niliihitaji transkripti ile ili nisajiliwe kwa tasnifu, kitu pekee kilichobaki kabla ya shahada yangu ya kwanza. Ilipaswa kuwa siku ya furaha, na kwa kiasi fulani ilikuwa.

Lakini swali lile halikuniacha. Limenifuata kwa wiki kadhaa, nikiwa napiga pasi, nikiwa kwenye foleni, nikiwa nimelala macho yako wazi. Wale mabinti hawakunikosea hata kidogo. Waliona kitu cha kushangaza wakashangaa. Mimi ndiye niliyegundua kwamba sina jibu langu mwenyewe: imekuwaje njia ya miaka michache ikanichukua sehemu kubwa ya utu uzima wangu?

Safu ya miaka

Transkripti haipendi maneno. Ina namba ya kozi, jina lake, krediti, alama, na pembeni kabisa mwaka wa masomo. Ya kijana aliyeingia na kutoka kwa wakati ina miaka mitatu au minne iliyofuatana bila kuruka. Yangu inaanza vizuri, halafu kuna pengo. Unafuata muhula mmoja, kisha pengo refu zaidi. Kuna mahali kozi moja imesimama peke yake katikati ya ukurasa, na mwaka wake, haina mwenzake juu wala chini.

Sitayaeleza mapengo yote. Aliyewahi kuahirisha masomo anayajua. Mzazi anaugua na ada inakwenda hospitali. Kazi inapatikana na hali hairuhusu kuikataa. Mtoto anazaliwa. Mwenza anahamishwa kikazi na nyumba nzima inafungwa kwenye maboksi. Kila pengo lilikuwa na sababu yake, na leo ningewekwa pale pale ningeamua vile vile.

Ila kuna jambo karatasi ile haiwezi kulionyesha. Inaonyesha mahali nilipoondoka. Haionyeshi nilirudi vipi.

Na kurudi ndiko kulikokuwa kazi.

Hesabu

Kwa miaka mingi nilikuwa na maelezo yangu ya kimyakimya kuhusu urefu wa safari hii: wenzangu wana kitu ambacho mimi sina. Nidhamu, labda. Au moyo. Sikuwahi kumwambia mtu, lakini kila aliponiuliza "unamaliza lini?" nilikuwa najijibu hivyo ndani kwa ndani kabla sijamjibu yeye.

Wiki mbili hizi nimekaa na kalamu nikaamua kulitazama jambo hili kwa namba, maana namba ndiyo kazi yangu.

Krediti si alama ya heshima. Ni kipimo cha muda. Mizizi yake inarudi mwanzoni mwa karne ya 20 huko Marekani, pale taasisi iliyoanzishwa kwa fedha za tajiri Andrew Carnegie ilipotaka kulipa pensheni za maprofesa. Ili chuo kinufaike, kilitakiwa kiwe na kiwango kinachoeleweka cha kupokea wanafunzi, na kiwango hicho kikapimwa kwa saa: saa 120 za darasani kwa mwaka zikahesabiwa kuwa uniti moja ya somo la sekondari. Vyuo navyo vikazoea kuhesabu masomo yao kwa saa za wiki. Kwa hiyo kipimo ambacho leo kinaamua nani amesoma na nani hajasoma kilisukumwa na suala la mafao ya walimu uzeeni. Sisemi hivyo kukidharau. Ilibidi kiwepo kitu cha kuhesabu.

Ulaya walikuja na mfumo wao mwaka 1989, uliotengenezwa kwanza ili wanafunzi waweze kusoma nchi moja na kuhesabiwa masomo yao nchi nyingine. Kwao mwaka mmoja kamili wa masomo ni krediti 60, na krediti moja ni kati ya saa 25 na 30 za kazi ya mwanafunzi: mihadhara, kusoma, mazoezi, mitihani, vyote pamoja. Shahada ya kwanza huanzia krediti 180.

Sasa zidisha. Krediti 180 mara saa 25 ni saa 4,500. Mara saa 30 ni saa 5,400.

Kijana asiye na kazi nyingine huzimaliza saa hizo kwa miaka mitatu, akisoma kama mtu anavyokwenda kazini: wiki arobaini hivi kwa mwaka, saa karibu 40 kwa wiki. Ndivyo ilivyokusudiwa.

Mtu mwenye ajira, watoto na mzazi wa kumwangalia anapata saa ngapi? Niliweka saa 10 kwa wiki, na yeyote aliyewahi kuzitafuta anajua saa 10 za kichwa kilicho macho ni nyingi. Niliziweka kwa wiki zote 52, bila likizo, bila msiba, bila wiki ya homa. Zinapatikana saa 520 kwa mwaka. Saa 4,500 zinahitaji karibu miaka tisa. Saa 5,400 zinapita miaka kumi.

Niliirudia hesabu ile, kwa sababu sikuiamini.

Miaka tisa hadi kumi, kwa mtu ambaye hakosi hata wiki moja. Asiyeanguka popote. Ukiongeza mwaka mmoja wa kuuguza na mwaka mmoja wa kulea mtoto mchanga, tayari uko kwenye transkripti inayomshangaza dada wa dirishani, na hapo bado hujafanya uzembe wowote.

Nilikaa pale mezani nikihisi kitu kinashuka mabegani. Urefu wote ule nilioubeba kama kasoro ya tabia yangu ulikuwa, kwa sehemu kubwa sana, kugawanya tu.

Kusahau

Lakini hesabu ile ina tundu, na nisingekuwa mkweli nikiliziba. Inachukulia kwamba saa ulizosoma zinakusubiri. Hazisubiri.

Niliporudi baada ya lile pengo refu, nilifungua daftari langu la takwimu la zamani. Mwandiko wangu mwenyewe, wino wa bluu, mistari iliyopigwa kwa rula. Nikasoma ukurasa mzima na sikuelewa chochote. Zilikuwa alama nilizozichora mimi, kwa mkono huu huu, na haziniambii kitu. Nimepita mambo mengi katika masomo haya, lakini sidhani kama kuna usiku ulionivunja moyo kuliko ule. Kusapu, yaani kurudia mtihani ulioufeli, kunauma, lakini unaposapu unajua umeshindwa kitu gani. Hapa nilikuwa nimefaulu, alama iko kwenye karatasi, na nilichofaulu kimeyeyuka.

Nilifunga daftari. Kwa siku kadhaa sikuligusa.

Kilichonirudisha ni jambo nililolikuta katika kozi ya saikolojia ya ujifunzaji, ambayo niliichukua kwa sababu tu ilikuwa na nafasi jioni. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia yeye mwenyewe. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, akaacha muda upite, akajipima. Watu wengi wanamkumbuka kwa sehemu ya kwanza ya matokeo: tunasahau haraka sana mwanzoni, kisha kasi inapungua. Sehemu ya pili ndiyo iliyonifanya nikae wima. Njia yake ya kupima haikuwa kuuliza "unakumbuka?" Alijifundisha upya orodha ile ile na kuangalia safari hii amehitaji kazi kiasi gani. Akaona kwamba hata alipodhani kimepotea, kujifunza upya kulichukua muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Kitu kilikuwa kimebaki, hata kama hakikuweza kuitika kilipoitwa.

Nikalifungua tena daftari la wino wa bluu.

Ilikuwa kweli. Sura iliyowahi kunitesa muhula mzima nikiwa binti ilirudi kwa jioni chache. Haikurudi kama kumbukumbu. Nilisoma kama mgeni, lakini mgeni ambaye miguu yake inaijua njia.

Namba ya tano

Na haikurudi vile vile ilivyoondoka.

Kwenye fomula ya kupima mtawanyiko wa sampuli, yaani namba zimesambaa kiasi gani kutoka kwenye wastani wake, unachukua tofauti ya kila namba na wastani, unaipiga kipeo cha pili, unajumlisha zote, halafu unagawa. Hugawi kwa idadi ya namba ulizonazo. Unagawa kwa idadi hiyo kutoa moja. Nikiwa na umri wa miaka ishirini na kitu niliikariri "kutoa moja" ile na nikaiandika kwenye mtihani. Sikuuliza kwa nini. Hapakuwa na nafasi ya kuuliza kwa nini, kulikuwa na mtihani Ijumaa.

Safari ya pili nilikuwa nimeshafanya kazi miaka mingi nikikusanya takwimu za wagonjwa kutoka kwenye vitabu vya zahanati na kuzijumlisha kwa ajili ya ripoti. Nilikuwa nimeshaona namba zikipikwa. Nimeshaona safu ambayo jumla yake iko sawa kabisa, halafu ukiangalia vizuri unakuta mstari mmoja umejazwa ili jumla itimie. Basi nilipofika kwenye ile "kutoa moja" sikuweza kuipita.

Chukua namba tano. Nikikuambia wastani wake ni 10, na nikakutajia nne kati ya hizo, ya tano unaijua bila mimi kuitaja, kwa sababu jumla lazima iwe 50. Namba nne zilikuwa huru kuwa chochote. Ya tano haina uhuru tena, imeshafungwa na wastani. Kwa hiyo unapopima mtawanyiko ukitumia wastani uliotoka kwenye namba zile zile, una vipande vinne tu vya habari mpya, si vitano. Ukigawa kwa tano utapata mtawanyiko ambao kwa kawaida ni mdogo kuliko ukweli.

Nilisimama jikoni saa tano usiku na kucheka peke yangu. Ule mstari uliojazwa ili jumla itimie ndio ulikuwa namba ya tano! Nimeutafuta kwa macho miaka yote kazini, kumbe maelezo yake yalikuwa kwenye daftari langu tangu ujana, kwa mwandiko wangu, yakisubiri nipate sababu ya kuyahitaji.

Wala sitaki kusema kwamba kusoma ukubwani ni bora. Vijana niliosoma nao walikuwa wepesi kunizidi, na kuna kozi nilizopata alama za kawaida tu kwa sababu nilikuwa nimechoka. Lakini usiku ule nilijua kwamba sikuwa nikikamilisha masomo ya yule binti. Nilikuwa nasoma kitu kingine kupitia kurasa zake.

Bahasha

Vyuo vingi vimejengwa kwa ajili ya mtu anayesoma mfululizo. Halijaandikwa popote kwa maneno hayo, lakini utaliona ukirudi. Kozi uliyoifaulu imebadilishwa namba. Nyingine imegawanywa mara mbili. Nyingine imefutwa, na iliyochukua nafasi yake inahitaji kozi ya utangulizi ambayo enzi zako haikuwepo. Juu ya yote kuna ukomo wa muda wa usajili: ukipita miaka iliyowekwa, ulichofaulu hakihesabiki tena, unaanza upya.

Naelewa kwa nini kanuni hiyo ipo. Fani zinabadilika, na mtu hawezi kupewa shahada ya leo kwa maarifa yaliyopitwa na wakati. Ninachopinga ni kuitumia kwa macho yaliyofumbwa, kana kwamba takwimu za msingi zinaoza kwa kasi moja na sheria za kodi.

Nilipoambiwa kwamba kozi zangu za mwanzo ziko hatarini, nilikuwa na kitu kimoja mkononi: bahasha ya kaki yenye muhtasari wa kila kozi niliyowahi kuisoma. Zile karatasi mbili tatu ambazo mhadhiri hugawa wiki ya kwanza, zenye mada za kila wiki, vitabu vya rejea na mgawanyo wa alama. Wanafunzi huzitupa muhula ukiisha. Zangu zilihama nami kila nilikohama, kwenye sanduku moja na vyeti vya kuzaliwa.

Mkuu wa idara alinipokea akiwa amesimama, dalili kwamba hana muda. Nikamwekea bahasha mezani. Akatoa karatasi ya juu, akavuta muhtasari mpya kwenye kompyuta yake, akaanza kulinganisha wiki kwa wiki. Wiki ya kwanza, ipo. Ya pili, ipo. Ya tatu, imehamia ya tano, ila ipo. Wakati fulani akavuta kiti na kukaa. Tulimaliza bahasha nzima. Kozi nyingi akazikubali, chache akakataa na kunieleza kwa nini, na sababu zake zilikuwa za haki. Programu za kompyuta nilizojifunza wakati ule hakuna anayezitumia tena.

Bila mchana ule ningeacha. Nasema hivi nikiwa na hakika. Uvumilivu niliosifiwa dirishani usingetosha kitu kama mtu yule asingevuta kiti.

Ndiyo maana naviheshimu sana vyuo vilivyoanza kwa kumfikiria mtu kama mimi. Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake mwaka 1858 kwa watu ambao hawakusoma katika vyuo vyake, ingawa wanawake walingoja hadi 1878 kuruhusiwa kutunukiwa shahada. Chuo huria cha Uingereza kilipata hati yake mwaka 1969 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1971, bila kudai vyeti vya kuingilia, kwa mpango ambao kila kozi inabeba krediti zake na mtu anazikusanya kadiri maisha yanavyomruhusu. India wakaanzisha chao mwaka 1985, Tanzania kikaundwa kwa sheria ya mwaka 1992. Wazo lililo chini ya vyote hivi ni jepesi kulisema na gumu kulitekeleza: ulichokisoma ni chako hata ukisimama.

Wakili asiye na shahada ya sheria

Katika wiki hizi nimekuwa nikiwatafuta watu wenye safu ya miaka inayofanana na yangu. Mpiga gitaa Brian May wa kundi la Queen aliacha utafiti wake wa uzamivu katika fizikia ya anga mwaka 1974 na kuukamilisha mwaka 2007. Nilimfurahia, lakini aliyenikaa ni mwingine.

Nelson Mandela alifukuzwa chuo cha Fort Hare mwaka 1940 kwa sababu ya mgomo wa wanafunzi. Shahada yake ya kwanza aliimalizia kwa masomo ya posta kupitia Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, Unisa. Mwaka 1943 akajiandikisha kusoma sheria chuo cha Witwatersrand, na baada ya miaka kadhaa akaondoka bila shahada ile. Akapitia mtihani wa kitaaluma wa mawakili, akaruhusiwa kufanya kazi, na mwaka 1952 akafungua ofisi pamoja na Oliver Tambo. Kwa maneno mengine, alikuwa tayari wakili. Watu walipanga foleni mlangoni kwake. Shahada ya sheria hakuihitaji tena ili kula.

Akaendelea kuitafuta. Gerezani akasoma kwa posta na Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1977 maofisa wa gereza walipogundua kurasa za kumbukumbu zake alizokuwa akiziandika kwa siri, alinyang'anywa haki ya kusoma kwa miaka minne. Akarudi tena. Mwaka 1989 Unisa ikamtunuku shahada ya sheria. Alikuwa na umri wa miaka 70 na bado ni mfungwa. Tangu aanze Witwatersrand ilikuwa imepita miaka 46.

Sijifananishi naye katika lolote. Mapengo yangu ni ya nyumba ya kawaida. Lakini nikijaribu kuiwaza transkripti yake, vyuo vinne, mapengo ya miongo, mwaka mmoja umesimama peke yake, najiuliza dada wa dirishani angeipokea vipi bila jina juu. Ushujaa wake mwingine wote unajulikana. Mimi nimekwama kwenye swali dogo: mtu aliyekwisha kuwa wakili alikuwa anaitafutia nini shahada ya sheria?

Nilichokuwa nakitafuta

Maana swali hilo ni langu pia, na ndilo lililonipa shida kuliko yote.

Kazi ninayo. Shahada haitanipandisha cheo kwa kiwango cha kurudisha ada niliyolipa, hilo nimelipigia hesabu nalo. Watoto wamekua, hakuna wa kumwonyesha mfano. Watu huniambia "elimu haina mwisho" kwa nia njema, lakini msemo huo haukuwahi kuniamsha alfajiri kusoma.

Jibu lililokuwa likinijia haraka ni hili: nimeshatumia miaka mingi mno, siwezi kuacha sasa. Wanauchumi wana onyo kuhusu fikra hiyo. Gharama iliyokwisha kulipwa hairudi, uendelee au usiendelee, kwa hiyo haifai kuwa sababu ya kuendelea. Kozi ile ya uchumi mdogo niliifaulu vizuri, na niliposoma somo hilo niliona limeandikwa kwa ajili yangu. Ikabidi nijiulize kama inavyotakiwa: kama leo nisingekuwa na krediti hata moja, ningeanza?

Kwa uaminifu, hapana. Nisingeanza.

Nilikaa na jibu hilo kwa muda, na halikuwa rahisi kukaa nalo. Lakini swali hilo, nikalitazama tena, halikuwa langu sawasawa. Mimi sina krediti sifuri. Nina karibu zote. Swali langu halisi ni kama kilichobaki kinastahili kazi iliyobaki. Na kilichobaki ni tasnifu, na tasnifu yangu inahusu zile namba za zahanati: unawezaje kutambua, kwa takwimu peke yake, ripoti ambayo mstari mmoja umejazwa ili jumla itimie? Ni swali nililolibeba tangu kabla sijajua kwamba linaweza kuwa swali. Dawa hupelekwa vituoni kwa kufuata namba zile. Namba ikipikwa, kuna mahali dawa zinaisha kabla ya mwezi kuisha.

Hilo ningelianza leo. Hilo ningelianza hata bila krediti moja.

Sijui kama ndivyo ilivyokuwa kwa yule wakili wa gerezani. Kwangu mimi, niliingia chuoni kutafuta cheti, na sababu ya kumaliza imenijia njiani, tena mwishoni.

Maswali matatu

Juzi mwenzangu mmoja kazini, mdogo kwangu kwa umri, alinivuta pembeni. Aliahirisha masomo mwaka wa pili, miaka kadhaa iliyopita. "Dada, na mimi nirudi?" akaniuliza. Alitarajia nimtie moyo, nilimwona usoni.

Sikumtia moyo kwanza. Nilimwambia aende na maswali matatu kabla hajalipa hata senti ya usajili. La kwanza: kozi zangu za zamani zinahesabika mpaka lini, na nani mwenye mamlaka ya kuzilinganisha na za sasa? Jibu alipate kwa maandishi. La pili: naweza kuchukua kozi moja moja, au ni lazima muhula mzima? Mtu mwenye saa 10 kwa wiki akibebeshwa muhula mzima atakeri masomo, yaani atayabeba aliyofeli hadi mwaka unaofuata, atasapu, na mwishowe atadisko, yaani ataondolewa chuoni, halafu atasema hana akili.

La tatu haliendi chuoni. Ni la nyumbani kwake. Zile saa 10 zitatoka wapi hasa, na kazi iliyokuwa ikifanyika ndani ya saa hizo itafanywa na nani? Nilimtaka anitajie jina la mtu.

Jana alinitumia ujumbe. Amepata barua ya idara, na inakubali kozi zake nyingi. Kozi moja moja inaruhusiwa. La tatu ameliuliza jioni wakati wa chakula, mume na watoto wote wakiwa mezani, na anasema hawajamaliza kulijadili.